Uzoefu wangu na py-spy: programu imeganda, prosesa sifuri, logi kimya

Kwa muda mrefu nilikuwa naamshwa alfajiri na ujumbe uleule: "Malipo hayaingii." Programu yetu ya Python, inayooanisha malipo ya simu na daftari la chama cha akiba na mkopo, ilikuwa inaganda. Haifi. Ukiitazama kwa `top`, amri inayoorodhesha programu zinazoendelea, ipo hai, prosesa asilimia 0, logi (rekodi ya matukio yake) imekatika katikati. Naiwasha upya, inakwenda, narudi kulala. Kumbe kila nilipoiwasha upya nilikuwa nafuta ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndipo nikaanza kutumia py-spy. Ni zana ya bure, aliyoiandika Ben Frederickson kwa lugha ya Rust, inayokuonyesha programu ya Python iko kwenye mstari upi wa msimbo wake. Unaisakinisha kwa `pip install py-spy`, basi. Huongezi hata mstari mmoja kwenye msimbo wako wala huizimi programu, kwa sababu inasoma kumbukumbu (RAM) ya programu ikiwa nje yake. Hilo ndilo lililoniokoa: programu ilikuwa imeshaganda, na sikuwa nimeiandaa kwa lolote.

Alfajiri ya kwanza nilipoitumia, sikuiwasha upya. Niliandika `sudo py-spy dump --pid 2147` (2147 ni namba ya programu yetu kwenye mfumo), na mara hiyo hiyo nyuzi zote tisa, yaani njia za kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu, zikajipanga kwenye skrini, kila uzi na mlolongo wa fankisheni zilizoitana. Zingatia jambo moja, maana mwanzoni lilinichanganya: hapa fankisheni iliyoitwa mwisho iko juu kabisa, kinyume na ripoti ya kosa ya Python yenyewe, ambapo iko chini.

Uzi mkuu ulikuwa kwenye `join`, unawasubiri wenzake. Nyuzi saba, juu kabisa, zilisema kitu kimoja: `hifadhi (malipo.py:88)`. Nikafungua mstari wa 88: `with kufuli:`. Kufuli huruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati, na zote saba zilikuwa zimepanga foleni kwenye kufuli moja. Nani ameshika ufunguo? Uzi wa nane. Juu yake palikuwa na `read (ssl.py)`, kisha `readinto (socket.py)`, yaani kusoma data ya mtandao, chini zaidi maktaba za mtandao urllib3 na requests, halafu `tuma_risiti (malipo.py:61)`, na chini yake `hifadhi (malipo.py:93)`. Nilishusha pumzi. Uzi huo ulishika kufuli mstari wa 88, ukafika wa 93 ukaomba huduma ya nje itume risiti, na jibu halikurudi. Maktaba ya requests haijiwekei kikomo cha kusubiri. Usipokitaja wewe, itasubiri tu.

Sikuamini picha moja. Nilipiga tatu, kwa kupishana sekunde kumi. Programu inayokwenda polepole, mistari hubadilika. Yangu haikusogea hata mmoja. Kisha nikaongeza `--locals`, nikaona mpaka anwani iliyokuwa inaitwa. Marekebisho yalikuwa madogo: `timeout=(5, 30)`, yaani sekunde 5 za kuunganisha na 30 za kusubiri data, na kuitoa risiti nje ya kufuli. La pili ni la maana kuliko la kwanza. Usiende kwenye mtandao huku umeshika kufuli ambalo wenzako wanalingojea.

Ina mapungufu. Kwenye Linux, kuikamata programu inayoendelea kwa kawaida hudai sudo, yaani haki za msimamizi. Ndani ya konteina ya Docker (kisanduku kinachoitenga programu na mfumo mzima) kwa kawaida itakataa mpaka uongeze ruhusa ya `SYS_PTRACE`, ya kuchungulia programu nyingine, na kwa kuwa ruhusa hiyo hutolewa konteina inapoanzishwa, iweke mapema, siyo siku ya balaa. Na hiyo `--locals` hutoa thamani za vigezo, tokeni na nywila zikiwemo, kwa hiyo soma kwanza kabla hujamtumia mtu. Pia haikuambii waziwazi uzi upi umeshika kufuli; inabidi usome mwenyewe kama nilivyofanya. Wenzetu wa Java wana `jstack`, zana ambayo nyuzi zikifungiana kwa mzunguko, kila mmoja ukingoja kufuli la mwenzake, hutamka yenyewe.

Kwa asyncio, mtindo wa Python wa kupokezanisha kazi nyingi kwenye uzi mmoja, ndiyo imeniangusha kabisa. Kazi zilizosimama kwenye `await`, yaani zinazongoja jibu, hazionekani. Unaona `select` peke yake, yaani uzi unangoja tukio, kana kwamba kila kitu kimetulia. Huko nimeandaa njia nyingine: nikiitumia programu ishara ya mfumo iitwayo SIGUSR1, inaandika `asyncio.all_tasks()`, orodha ya kazi zote, kwenye logi. Kwa programu za nyuzi za kawaida, py-spy naisakinisha kwenye kila seva mpya kabla ya programu yenyewe.