Futiboli ya Kimarekani (si soka) vyuoni Marekani: Divisheni ya 2 au ya 3?

Tuanze na pesa, maana ndipo wazazi wengi wanapokosea. Divisheni ya 2 ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inaruhusu ufadhili kamili 36 kwa timu, lakini kocha huugawa vipande: huyu robo, yule nusu, na wengine hawapati kitu. Divisheni ya 3 haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Msaada hutokana na alama za darasani na kipato cha familia. Kijana mwenye alama nzuri anaweza kulipa ada ndogo zaidi huko. Linganisheni ada inayobaki, si jina la divisheni.

Kwenye mtoano, Divisheni ya 3 inampendelea bingwa wa ligi ndogo: mabingwa wengi wa ligi huingia moja kwa moja. Mwaka 2024 ziliingia timu 40, na 24 zikavuka raundi ya kwanza bila kucheza. Divisheni ya 2 ilichukua 28, saba kutoka kila moja ya kanda nne, kwa kufuata viwango vya ubora wa timu. Kipigo kimoja cha Oktoba kiliweza kukunyima nafasi.

Anayetaka ushindani mkali na miili mikubwa aende ya 2. Anayesomea uhandisi au udaktari, ya 3 inamfaa zaidi.