UPS ya masaa matatu na kiboksi cha ruta

Dakika 14. Hizo ndizo nilizozipata kwa shilingi 170,000.

Muuzaji wa Kariakoo aliniambia UPS yake, kifaa cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, inakaa masaa matatu. Alikuwa anaipangusa UPS vumbi kwa kiganja, taratibu, kama anamfuta mtoto pua. "Dada yangu, 650VA hii, umeme ukatike hata masaa matatu, wewe endelea na kazi zako." Nikalipa. Risiti ikaja na maandishi mekundu chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hapo nilitakiwa nishtuke.

Nafanya hesabu za maduka nikiwa nyumbani, Tabata. Kila tarehe 20 ritani za VAT ziwe zimeshaingia, na mvua za masika hazina habari na tarehe 20. Jioni moja ya mwezi wa nne upepo ukavuma, bati la jirani likaanza kupiga makofi, umeme ukaenda. UPS ikalia pii, pii. Nikatabasamu, nikaenda jikoni kubandika chai. Niliporudi ilikuwa inalia bila kupumua, na kabla sijakaa kitini kila kitu kikazima, pamoja na mistari sitini hivi ya manunuzi niliyokuwa sijaihifadhi.

Nusu ya kosa ni langu. Ile namba kubwa kwenye boksi, 650VA, inasema UPS inaweza kubeba mzigo gani; haisemi itaubeba mpaka wapi. Muda unakaa kwenye betri. Fundi aliponifungulia, ndani tulikuta betri moja ya asidi ya volti 12, Ah 7, ndogo kuliko pakiti ya unga wa kilo mbili. Zidisha, unapata Wh 84, yaani wati 84 kwa saa moja. Kompyuta yangu ya mezani na skrini yake vinakula kama wati 120, kwa hiyo kwa hesabu za darasani ningefika dakika 40. Lakini betri ya asidi ukiinyonya kwa kasi haikupi yote iliyo nayo, na kuugeuza umeme wake uwe kama wa ukutani nako kunakula chake. Ongeza joto la chumba changu, ambalo betri hizi hazilipendi kabisa. Dakika 14 si wizi. Masaa matatu ndiyo wizi.

Hata hivyo sijaitupa. Umeme ukirudi baada ya mvua haurudi kistaarabu. Unakuja, unaondoka, unarudi dhaifu taa zikiwa na rangi ya chungwa, halafu unaruka juu ghafla. Wakati huo UPS unaisikia tumboni, tak, tak, inarekebisha volti, na kompyuta haina habari. Friji la jirani lilikufa kwenye ruko moja la namna hiyo. Kwa kazi hii ya ulinzi naipa UPS alama zake zote. Ila usiichomekee printa ya leza. Mdogo wangu alichomeka yangu, na ile inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa mkupuo. UPS ikapiga yowe ikazima, umeme ukiwepo.

Sasa nije kwenye kitu kilichoniokoa, ambacho nilikinunua kwa kubahatisha. Ni kiboksi cheusi, unene na urefu wa kipande cha sabuni ya mche, shilingi 75,000. Wengine wanakiita mini UPS, wengine pawabenki ya ruta, kile kifaa cha Wi-Fi ya nyumbani. Unachomeka adapta ya ruta kwenye kiboksi, na kiboksi kwenye ruta. Basi. Ruta haihitaji umeme wa ukutani hata siku moja. Adapta yake kazi yake ni kuushusha mpaka volti 12. Kiboksi kinatoa volti 12 moja kwa moja, hakiupandishi umeme mpaka uwe wa ukutani halafu ushushwe tena, ndiyo maana kidogo kilichomo kinafika mbali.

Nacho kina uongo wake. Juu kimeandikwa mAh 8,800 kwa herufi za kujigamba. Kigeuze, chini, kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi ya simu: 3.7V, 32.56Wh. Hiyo ya chini ndiyo ya kusoma. Hizo mAh ni za volti 3.7 za betri ndani, si za volti 12 zinazokwenda kwenye ruta. Ruta yangu na kile kisanduku cha faiba cha ukutani kwa pamoja vinakula wati 11 hivi. Sikusubiri mvua. Jumapili moja nilichomoa adapta umeme ukiwepo, nikaweka saa ya simu, nikaenda zangu kufua. Kilikaa masaa mawili na dakika 25. Ruta peke yake ingekaa zaidi, lakini ukiacha kisanduku cha faiba kizimike, ruta itakuonyesha taa nzuri tu, intaneti huna.

Kero yake ilikuwa pini. Waya uliokuja nao ulikuwa na tundu pana kuliko pini ya ruta yangu. Ukiugusa, ruta inazima na kuwaka. Kwa macho huwezi kuona tofauti, ni nusu milimita hivi. Fundi simu wa hapa mtaani alinikatia kichwa kile akanifungia kingine kwa 3,000. Nenda dukani na adapta yako mkononi, uchomeke palepale.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja pwani, umeme kwetu haukuwepo. Nilifungua simu nikaangalia orodha ya Wi-Fi. Siku za kawaida naona majina kumi na kitu. Siku ile lilibaki jina moja, la kwangu. Jirani wa nyumba ya pili akagonga geti na mwavuli uliopinduka: "Mama, samahani, eti kwako mtandao upo?" Upo. Waya wa faiba unapitisha mwanga, hauhitaji umeme wa mtaani kwetu. Mradi kituo cha kampuni kina umeme na mti haujaangukia waya, wewe washa tu vyako vya nyumbani. Bando la simu nalo lilikuwepo, lakini mtaa mzima ulikuwa umehamia huko, likawa linatambaa.

Siku nane baadaye nyaya za intaneti za baharini zikakatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kiboksi kimejaa, taa zote za kijani, intaneti inachechemea. Hilo halina duka Kariakoo.

Kazi zenyewe nimezihamishia kwenye laptop ya mtumba ambayo betri yake bado inakaa kama masaa matatu, yale yale niliyoahidiwa. Ya mezani naiwasha umeme ukiwa umetulia, na UPS ikilia nahifadhi na kuzima, chai baadaye.

Mwezi uliopita nilirudi duka lile lile kumnunulia dada yangu wa Kibaha kiboksi kama changu. Kijana hakunikumbuka. "Hiki dada yangu kinakaa masaa nane." Nikakigeuza, nikamulika kwa tochi, nikamwonyesha Wh zake. Akasoma, akacheka mpaka akaegemea kabati.

"Haya kaka, sema bei."

Akanipunguzia 10,000. Risiti ni ile ile, ya maandishi mekundu.