Draivu ya DVD ya shilingi 900 na diski za mazishi ya mama

Mama alizikwa Vihiga mwaka 2009. Fundi wa video aliyekodishwa siku ile alitukabidhi diski tatu ndani ya bahasha ya kaki, zikakaa kabatini kwa shangazi miaka yote hii. Mwezi uliopita nilizileta Kisumu nizihamishie kwenye kompyuta ya nyumbani. Draivu niliyokuwa nayo ilisoma ya kwanza vizuri. Ya pili ikaizungusha, ikanguruma, ikanyamaza. Na hiyo ya pili ndiyo tuliyoitaka zaidi, kwa sababu ndimo kina mama wa kanisa wanaimba na shangazi anasimulia utoto wa mama.

Nikaenda kwenye kibanda cha vifaa vya kompyuta karibu na Oginga Odinga Street. Draivu mpya ya kuweka ndani ya sipiyu ilikuwa shilingi 2,800, iliyotumika 900. Nilichukua iliyotumika kwa sharti kwamba tuichomeke pale pale nikiona. "Dada, leta diski yoyote unayotaka," kijana akaniambia, akafungua kompyuta yake.

Nilikuwa nimebeba diski mbili, CD ya nyimbo na DVD ya filamu, na nakusihi ufanye hivyo hivyo. Draivu ya DVD hutumia miale miwili ya leza: wa CD una urefu wa wimbi wa nanomita 780, wa DVD 650. Mmoja unaweza kufa mwingine ukabaki mzima, na muuzaji asiye mwaminifu atakuonyesha ule mzima tu. Yangu ilisoma zote mbili.

Kuifunga hakukuwa na kazi kubwa: skrubu nne, waya wa data, waya wa umeme. Ila kabla hujatoka nyumbani fungua sipiyu uangalie waya wako. Ukiwa mpana na bapa kama utepe, hiyo ni IDE ya zamani. Ukiwa mwembamba, ni SATA. Hizi mbili haziingiliani.

Nilianza na diski nzuri, iliyojaa. Kwenye boksi za draivu huandikwa 24x, yaani mara 24 ya kasi ya msingi, na watu hununua kwa kuangalia namba hiyo. 1x ya DVD ni kama megabaiti 1.385 kwa sekunde. 24x ni kasi ya kuandika, tena hufikiwa kwenye ukingo wa nje tu; diski huandikwa na kusomwa kuanzia katikati kwenda nje, na kule ndani mwendo ni mdogo. Kusoma kwangu kulianza na megabaiti 9 kwa sekunde, kukaisha na 21. Diski nzima ilichukua kama dakika tano. Nimeridhika kabisa.

Kuchoma, yaani kuandika data kwenye diski tupu, nilijaribu kwa 8x. Diski ya kwanza iliharibika kwa sababu stima ilipotea katikati ya kazi, na diski ya kuandikwa mara moja haina kurudia. Ya pili ilitoka safi, nikaiacha programu ilinganishe kilichoandikwa na cha kwenye kompyuta. Usiiruke hatua hiyo.

Kisha diski ya mama. Fundi alikuwa amebandika karatasi juu yake yenye picha ya mama na tarehe, na upande mmoja karatasi imevimba kwa unyevu. Ndiyo iliyokuwa ikifanya diski iyumbe. Nilisikia sipiyu nzima ikitetemeka. Sikuthubutu kuibandua. Niliosha upande wa chini kwa maji ya uvuguvugu, nikapangusa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja, si kwa kuzungusha.

Kuinakili kwa njia ya kawaida kulikwama, kwa hiyo nikatumia ddrescue, programu ya bure ya kuokoa data, kwenye mfumo wa Ubuntu, ambako inapatikana kwa jina gddrescue. Yenyewe huchukua kwanza kilicho rahisi, ikiruka palipoharibika, halafu inarudi kupambana na mabaki. Kila hatua inaiandika kwenye faili ya ramani, hivyo stima ilipopotea tena usiku ule sikupoteza kitu, niliendelea nilipoachia.

Draivu mpya kwangu ilifanya kazi saa mbili kasorobo. Zikabaki sekta (vipande vidogo vya data) 3,104 zisizosomeka, karibu zote ukingoni kabisa, kwa kuwa fundi aliijaza diski hadi mwisho. Kila sekta ni baiti 2,048, kwa hiyo ni kama megabaiti 6, sekunde chache tu za video. Lakini zilikuwa sekunde za shangazi.

Nikairudisha draivu ya zamani, ile iliyonishinda, nikaipa ramani ile ile. Sikutarajia mengi. Kumbe kila draivu ina jicho lake, na pale moja inaposhindwa nyingine hupata. Sekta zikashuka kutoka 3,104 hadi 208. Tafadhali usitupe draivu yako ya zamani wala usiiuze vyuma chakavu kabla hujamaliza diski zako zote.

Hii ya shilingi 900 ina kelele kuliko ya zamani, na trei yake wakati mwingine husita kutoka hadi ubonyeze mara mbili. Ningeinunua tena leo.

Jumapili nilipeleka video kwa shangazi kwenye flashi, tukaichomeka kwenye televisheni. Video ilipofika mahali anaposimulia yeye, picha iliganda kidogo, mdomo wazi, mkono juu, halafu ikaendelea na sauti yake ikarudi: "…na maji tulikuwa tukiteka naye, mtungi wake ukiwa mkubwa kuliko wangu." Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Diski ya tatu bado iko kwenye bahasha, nitaianza kesho asubuhi.