Springi za nyuma za Caprice yangu: nimechukua za kawaida, nikaongeza mifuko ya hewa

Gari ni Chevrolet Caprice ya 1994, sedani, ile yenye bodi ya mviringo iliyoanza 1991 na kukoma 1996. Ni gari refu na pana, limekaa juu ya chesisi, ile fremu ya chuma ya chini. Nyuma lina ekseli nzima moja, mhimili unaounganisha magurudumu mawili, inayoshikwa na mikono minne ya chuma, na springi mbili za koili zimesimama kati ya ekseli na chesisi. Ni mpangilio rahisi sana kuutengeneza, na ndiyo maana wengi hununua springi yoyote inayoingia, wakafunga, wakaondoka. Nawaomba msifanye hivyo. Springi ya nyuma ndiyo inayoamua gari kubwa kama hili litaendelea kuwa gari la starehe au litageuka kuwa pikapu.

Niseme kwanza linafanya kazi gani, kwa sababu bila hilo tathmini yangu haina maana kwako. Siku nyingi tupo wawili, mimi na mama yangu. Mama hukaa nyuma kwa sababu ya mgongo wake, na kila tuta analisikia kabla yangu. Siku nyingine buti linabeba vichwa vya cherehani za kiwandani ninazozitengeneza, vya chuma kitupu, vizito. Kwa hiyo gari lile lile linatakiwa liwe laini bila mzigo na lisikalie matairi likiwa na mzigo. Hapo ndipo ugumu wote wa kuchagua ulipo.

Nyuma ilikuwa imeshuka, na upande wa kushoto ulikuwa chini ya wa kulia. Kabla hujanunua chochote, pima. Usipime kutoka ardhini hadi bampa, kwa sababu tairi la saizi nyingine au lenye upepo kidogo litakudanganya. Simamisha gari mahali tambarare, shika futi, pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu moja kwa moja hadi ukingo wa bodi. Sedani za 1993 na kuendelea zina matao ya nyuma yaliyofunguka, kipimo kinasomeka vizuri. Zile za 1991 na 1992 bodi inashuka na kufunika sehemu ya tairi, kwa hiyo hapo chagua alama nyingine kwenye chesisi na uitumie hiyo hiyo pande zote mbili. Andika namba nne, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Bila namba hizo utabaki kubishana na fundi kwa macho.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye gari kuukuu alijue: springi iliyochoka haijawa laini, imekuwa fupi. Ugumu wa koili unatokana na chuma chenyewe, unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Miaka haibadilishi hayo kwa kiasi cha kusikika, labda kutu iwe imeula waya. Kinachobadilika ni urefu: chuma kinajikunja kidogo kidogo na hakirudi chote. Gari linaloshuka na kubaki chini, tatizo ni springi. Gari linalodunda na kuendelea kudunda baada ya tuta, hiyo ni shokapu, kifaa kinachozima mdundo wa springi. Watu wengi wana ugonjwa wa pili na wananunua dawa ya kwanza, tena kali. Matokeo yake gari linadunda haraka zaidi, kwa sababu springi ngumu inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi kuituliza, na zile kuukuu bado zipo pale pale.

Fundi wangu, ambaye namheshimu sana, aliniambia, "Dada, tia za polisi umalize kazi." Anazungumzia springi za Caprice zilizotengenezwa kwa ajili ya polisi, kifurushi kinachojulikana kwa alama 9C1. Ni springi nzuri kwa kazi yake: gari lililojaa vifaa, linaloendeshwa kwa kasi na kukatwa kona bila huruma. Lakini gari langu halibebi vifaa vya polisi. Bila uzito huo, nyuma inakaa juu, taa za mbele zinaangalia chini, na abiria wa nyuma anapokea kila shimo. Kuna na jambo la usalama: kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukiifanya nyuma kuwa ngumu mno kuliko mbele, kwenye kona yenye maji mkia unakuwa mwepesi kuteleza. Nilimwambia fundi hapana, akanielewa.

Kuna springi za mzigo zenye mizunguko isiyolingana nafasi. Ukiitazama springi ya namna hii utaona upande mmoja mizunguko imekaribiana na upande mwingine imeachana. Mzigo mdogo ukiingia, mizunguko yote inafanya kazi na springi ni laini. Mzigo ukiongezeka, ile iliyokaribiana inagusana na kuacha kufanya kazi, inabaki michache, na springi inakuwa ngumu. Wazo hili nalipenda. Kama buti lako lina mzigo siku nyingi, au unavuta tela, chukua hizi bila kufikiri mara mbili. Mimi niliziacha kwa sababu moja tu: nilizoweza kupata zilikuwa na waya mnene kiasi kwamba hata hatua yake ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko springi ya kawaida.

Na hapa niingie ndani kidogo, maana muuzaji hatakwambia. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwangua rangi mahali padogo, pima waya wa springi yako na waya wa ile unayotaka kununua. Ugumu unapanda kwa kipeo cha nne cha unene, yaani unene mara unene mara unene mara unene. Waya wa milimita 14 na waya wa milimita 15 kwa macho ni kitu kimoja. Kama mengine yote yako sawa, ule wa 15 ni mgumu zaidi kwa karibu asilimia 32. Nusu milimita peke yake, kutoka 14 hadi 14.5, ni asilimia 15. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii ni nene kidogo tu", mwambie asubiri utoe kalipa.

Urefu wa springi ikiwa mezani nao unadanganya. Springi laini na ndefu inaweza kuliweka gari kimo kile kile na springi ngumu na fupi. Kinachohesabika ni urefu wake ikiwa imebeba uzito wa gari, na orodha nzuri ya sehemu huandika vitu vitatu: urefu bila mzigo, urefu chini ya mzigo fulani, na ugumu. Kama muuzaji ana urefu bila mzigo peke yake, bado hajakwambia kitu.

Nilifanya hesabu yangu kwenye daftari la wateja. Tuseme kila springi ina ugumu wa niutoni 20 kwa milimita, yaani inahitaji karibu kilo 2 kushuka milimita moja, mbili pamoja 40, na tuchukulie zimekaa karibu na magurudumu ili hesabu iwe nyepesi. Ukiweka kilo 100 kwenye buti, mita moja nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma haibebi kilo 100. Urefu kutoka ekseli hadi ekseli kwenye Caprice ni karibu mita 2.94, kwa hiyo mzigo huo unafanya kazi kama wenzo: unainua pua na kuikandamiza nyuma kwa kilo 134 hivi. Nyuma inashuka kama milimita 33. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vichwa vitatu vya cherehani vilivyosukumwa hadi mwisho wa buti vinaliinamisha gari kuliko watu wawili wazima waliokaa kiti cha nyuma. Tangu hapo mzigo mzito nausogeza mpaka ugote mgongo wa kiti.

Basi nilichochukua ni springi mpya za ugumu wa kiwandani, za sedani ya kawaida, jozi. Jozi, narudia, hata kama upande mmoja ndio umeshuka. Ndani ya kila springi nikaweka mfuko wa hewa. Nimetumia Air Lift 1000, mfuko mgumu wa plastiki unaokaa katikati ya koili, wenye mpira mwembamba wa kupitishia upepo unaotoka hadi kwenye valvu kama ya tairi. Unajazwa kati ya PSI 5 na 35, kipimo kile kile cha upepo wa matairi. Bila mzigo naweka kiwango cha chini. Usiuache mtupu kabisa, unaweza kubanwa na kukatwa na koili. Siku ya cherehani naongeza upepo mpaka namba zangu za futi zirudi. Mfuko hauongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba: breki, matairi na ekseli ni zile zile. Kazi yake ni kurudisha kimo.

Kuna shokapu za hewa pia, na baadhi ya magari ya ukoo huu yalitoka nazo kiwandani. Hizo hupeleka sehemu ya mzigo kwenye bolti za shokapu na mahali zinapofungwa. Kwenye gari la umri huu, ambalo chuma chake kimeshaonja kutu, napendelea uzito upite pale pale ulipopita siku zote, mahali springi zinapokalia.

Kukata springi sikujadili kwa muda mrefu. Koili yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ukiikata mmoja inakuwa fupi na wakati huo huo ngumu zaidi kwa asilimia 14. Kuichoma kwa gesi ili ishuke ni kuua ule ugumu wa chuma uliowekwa kiwandani kwa moto wa kipimo. Mtu akikupa mojawapo ya njia hizo, chukua gari lako uende.

Ufungaji wenyewe hauhitaji kifaa cha kubana springi. Chesisi inawekwa juu ya stendi imara, ekseli inashikwa na jeki, shokapu zinafunguliwa chini, kisha ekseli inashushwa taratibu mpaka springi inalegea na kutoka kwa mkono. Wakati inashuka, mtu mmoja awe anatazama mpira wa breki unaokwenda kwenye ekseli, usivutike. Raba za juu ya springi zibadilishwe. Zangu zilikuwa zimesagika upande mmoja, na hiyo ilikuwa sehemu ya ule mshuko wa kushoto. Ncha ya koili ikae kwenye nafasi yake, isipande juu ya ukingo.

Halafu kuna hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Bushi za ile mikono minne ni mpira uliobanwa na bolti. Gari liliposhuka kwa miaka, bolti zikikazwa tena na tena, mpira ulizoea kimo kile cha chini. Ukiinua nyuma na kuacha hivyo, bushi zinabaki zimejikunja muda wote, zinaongeza ugumu wa uongo na kupasuka mapema. Legeza bolti hizo, shusha gari likae kwa magurudumu yake na uzito wake, ndipo uzikaze. Fundi alilala chini ya gari akizikaza kwa mkono huku gari limesimama kwenye ngazi za mbao, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote siku ile.

Wanasema kipya kinyemi, kwa hiyo sikutaka kuhukumu mapema. Springi mpya hukaa chini kidogo baada ya kuanza kutumika, zangu zilishuka milimita chache zikatulia. Sasa kushoto na kulia ni sawa kwa futi. Shokapu mpya nilizofunga pamoja nazo zinamaliza mdundo mara moja. Zamani mhandisi Maurice Olley, aliyefanya kazi Rolls-Royce kabla ya kwenda Cadillac miaka ya 1930, alionyesha kwamba nyuma inatakiwa kupanda na kushuka haraka kidogo kuliko mbele, ili magurudumu ya nyuma, yanayofika kwenye tuta baadaye, yawahi kulingana na ya mbele na gari litulie badala ya kuyumba kama mtumbwi. Kwa springi za kiwandani hilo unalisikia: tuta linapita, gari linainuka lote na kushuka lote. Mama alisema, "Mwanangu, leo umepita njia nyingine?" Njia ilikuwa ile ile.

Kama gari lako ni steshenwagoni, lile lenye kiti cha tatu kinachotazama nyuma, usichukue springi za sedani nilizozisifia hapa. Nyuma yake ni nzito zaidi na ina springi zake. Na kama gari lako lina mzigo uleule kila siku, weka springi ya mzigo uache mifuko. Mifuko inamfaa mtu ambaye mzigo wake unakuja na kuondoka, na ambaye atakumbuka kuukagua upepo kila anapokagua wa matairi.