Tahadhari: Feni Sita, Waya Mmoja, na Muuzaji Aliyeniita Mwanangu

Naandika haya nikiwa na hasira, na aibu nayo imenikaa kifuani, kwa sababu kompyuta yangu, iliyonichukua miezi minane kuikusanyia vipuri, imeungua soketi ya feni, na aliyeiunguza ni mtu niliyemlipa kwa hiari yangu na kumwambia ahsante.

Ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Nilivuka feri kutoka Likoni nikiwa nimelikumbatia kasha zima, nikafika dukani kwake, karibu na Barabara ya Digo. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaniagizia kahawa tungu kabla hajaniuliza shida yangu. Niliomba feni sita za milimita 120, nikamweleza wazi kwamba madabodi yangu, yaani bodi kuu ya kompyuta, ina soketi mbili tu za feni za kasha, na kwamba kila moja haistahimili zaidi ya ampea 1. Akasema nimesema kweli, kisha akaweka mezani kisanduku cha kugawia umeme, akanionyesha plagi yake ya SATA inayovuta umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai, kile kifaa kinachoilisha kompyuta umeme. Nilikishika kwa mkono wangu. Nikalipa shilingi 2,300 za kisanduku na 6,000 za feni, zote kwa M-Pesa.

Akaniweka upande wa kioo nimshikie tochi, naye akafanya kazi upande wa pili, nyaya zinakopita, akafunga mfuniko na kukaza skrubu mwenyewe. Alipowasha, alisogeza kipande cha tishu mbele ya kasha, kikavutwa na kuganda kwenye wavu. "Umeiona pumzi hiyo?" Niliiona, na nilifurahi.

Msinihukumu upesi. Mtu huyu alijua kwamba katika feni ya pini nne waya wa tatu huripoti mizunguko na wa nne hupeleka amri ya mwendo. Ni nani angedhani mwenye ujuzi huo ni mwizi? Hata binamu yangu alinunua diski kwake bila tatizo.

Jumatatu usiku, nikiwa katikati ya video ya harusi, feni zilishika kasi, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha zote sita zikasimama kwa pamoja. Nilifungua mfuniko. Kisanduku hakikuwamo. Palikuwa na waya mmoja wenye matawi sita, umezungushiwa utepe mweusi, umechomekwa kwenye soketi moja ya madabodi. Nilibandua stika ya feni iliyoandikwa ampea 0.10, na chini yake nikakuta ya kiwandani: 0.35. Zikiwa sita ni ampea 2.1.

Nilirudi kwake. "Si zilizunguka hapa mbele yako?" akasema, wateja wawili wakisikia, na akadai ni mimi niliyechokoachokoa nyaya.

Mtu huyu anyang'anywe leseni ya biashara na ashtakiwe kwa wizi, maana wanafunzi wanaojichangia wafungue saiba ndio watakaofuata. Mkiona stika iliyokaa mshazari, au fundi asiyetaka msimame upande wa nyaya, ondokeni. Mimi naelekea Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Ujumbe wa M-Pesa ninao, waya ninao, na stika zote sita nimezibandika kwenye karatasi moja.