Mafia: Kabla Hujalipia Chumba, Kagua Neti na Uliza Maji

Wadau, karibuni tena. Wageni jiungeni na chaneli, bonyezeni kengele, tusonge, maana leo nimejaa mpaka hapa.

Tupo Mafia, upande wa Utende, ndani ya Hifadhi ya Bahari. Mambo ya matumbawe, kasa na samaki wa kila rangi sitayarudia, wapiga mbizi wameshaujaza mtandao. Mimi nimekuja kukagua chumba. Na humu chumbani kuna kitu kimoja nimekipenda mpaka mpiga picha wangu ananicheka: neti. Usihame! Nipe dakika chache halafu uniambie kama nakudanganya.

Dogo, sogea hapa. Hapo hapo. Mnaiona hii? Neti ya pembe nne, imefungwa kwenye fremu ya mbao, na fremu imekizidi kitanda kila upande. Sasa nalala. Nanyoosha mkono... bado sijaigusa. Natoa goti pembeni... bado. Umeshalala gesti zenye neti ya duara, ile inayoning'inia kwenye ringi moja katikati? Ukigeuka tu, kiwiko kimebandika kwenye kitambaa, na mbu anakaa zake nje anakunywa taratibu kama ana mrija wa soda. Asubuhi unajikuna kiwiko, unasema neti haifanyi kazi. Neti inafanya kazi, ni wewe umeiegemea. Na malaria ya pwani si ya kuchezea.

Tuje kwenye mlango wake. Pande mbili za kitambaa zimepishana, ngoja nipime... shibiri moja, mbili, na kidogo. Chini kuna ukingo mzito wa kuchomeka chini ya godoro, na urefu unatosha. Si ile ya kuchomeka huku inachomoka kule. Matundu? Mimi nafanya hivi: dogo, funga pazia, zima taa. Nawasha tochi ya simu kwa ndani, naipitisha polepole kwenye kitambaa. Kona ile... ahaa. Hili hapa. Lilikuwepo tundu, na limeshonwa. Sogeza kamera waone uzi. Mtu amekaa na sindano akashona tundu dogo kuliko ukucha wangu wa kidole cha mwisho. Nyumba inayoshona tundu la neti, choo chake sina haja ya kukikagua. Nimekikagua hata hivyo, kiko safi.

Sasa lile lenyewe. Juu pale kuna pangaboi la kawaida. Liko namba ya mwisho. Nashika kipande cha tishu nje ya neti: kinapepea. Naingia nacho ndani: kinatikisika kidogo, basi. Upepo umeishia kwenye kitambaa. Ndiyo maana watu wakija huku mwezi wa kwanza, ikifika saa nane usiku wanaifunua neti wapate hewa, na mbu wanapata walichokuwa wanakingoja. Haya, zima pangaboi. Washa hii feni ndogo, imefungwa kwenye nguzo ya kitanda, miguuni, ndani ya neti. Tishu... imenitoroka mkononi! Umeona? Tena inakula umeme kidogo, kwa hiyo ukikatika betri ya sola inaibeba. Nilimwuliza mama mwenye nyumba wazo alilipata wapi. Akaniambia, "Mwanangu, wageni walikuwa wananiamsha usiku wanalia joto. Nikachoka kuamka." Shikamoo mama. Wenye mahoteli ya dola mia tatu njooni mumwone huyu mama.

Lakini mama huyo huyo, na nimemwambia mwenyewe kwa heshima zake, picha zake za mtandaoni zimenikera. Picha inaonyesha maji yamefika ngazini, buluu tupu, unadhani unashuka kitandani unaogelea. Dogo, geuza kamera nje. Sasa hivi ni saa nne asubuhi. Maji yako wapi? Yale kule! Hapa katikati ni tope, majani ya bahari na mikoko. Ile mashua pale imelala ubavu inasubiri maji.

Hakuna aliyedanganya, ila leo ni bamvua. Kwa wasio watu wa pwani: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana na kujaa sana, tofauti inapita mita 3. Na kwenye pwani yetu siku hizo za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Picha nzuri ya hoteli imepigwa saa ngapi? Saa kumi alasiri, jua limelainika, maji yamejaa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, asubuhi ndiyo yako juu, na hayakimbii mbali hivi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua tarehe ya likizo, tazama mwezi. Na ukizungumza na mwenye hoteli, mwombe picha moja tu, ya ufukwe saa nne asubuhi siku ya bamvua. Akisitasita, umeshajibiwa.

Ukitaka kuvuka kwenda kisiwa cha Chole kuwaona wale popo wakubwa wanaolala mitini mchana, au kisiwa cha Juani kwenye magofu ya mji wa kale wa Kua, ni hivyo hivyo. Nahodha hapangi saa, maji ndiyo yanapanga. Nahodha anakuja kukuamsha tu.

Najua watu wa Nungwi kule Zanzibar mnacheka. Chekeni, kwenu kweli mtu anaogelea karibu saa zote. Lakini usiku kwenu muziki mpaka alfajiri, huku nasikia kitanda changu kikilia. Na nyie wa Paje na Jambiani nyamazeni kabisa, kwenu maji yakitoka mtu anakwenda kuyatafuta kwa baiskeli.

Kuna mdau wa Muscat aliuliza wiki iliyopita: nataka kumwona papa potwe, yule mkubwa wa madoadoa, nikae wapi? Sikiliza vizuri, maana hapa watu wanapoteza hela. Potwe hawako huku Utende. Wanaonekana upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, nje ya hifadhi, wanafuata uduvi kule wanakovua wavuvi wa dagaa. Msimu ni kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu hivi. Ukilala Utende, alfajiri unapanda gari kilomita kama 14 kurudi Kilindoni, mji ule ule ulioshukia na ndege. Tena huku ukipita geti tu unalipa kiingilio cha hifadhi, na kinahesabiwa kwa siku, uzamie au ukae barazani unakula embe. Raia tunalipa pungufu kuliko wageni, ila kwa familia ya watu sita nacho kinauma.

Kwa hiyo nilianza nikikisifia chumba cha Utende, na neti ndiyo hiyo mmeiona. Lakini kama ni Desemba na unachotaka ni potwe, mimi ningelala Kilindoni, chumba cha kawaida karibu na soko, nile samaki wa mjini, halafu siku moja nije huku kwa ajili ya Chole. Kama ni Julai au Agosti, kusi inavuma, hakuna joto la kukuua, na Juani vitoto vya kasa vinaanguliwa, basi Utende. Aprili na Mei usije. Masika, na hoteli nyingi hufunga.

Bei. Hapa kwa mama nalipa shilingi 90,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ndani. Kwenye hoteli kubwa uliza swali hili: bei hiyo ni ya chumba au ya kichwa? Nyingi ni ya kichwa, na milo yote imo. Usiguneee tu, kwa sababu Utende migahawa ya nje unaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ukishalala hapa unakula hapa. Kwa mama chakula cha jioni unaagiza mchana. Ukisahau, unalala na biskuti.

Kufika: kuna ndege ndogo kutoka Dar, nusu saa na kitu. Nyingi mwisho kilo 15 na zinataka begi laini, hivyo lile sanduku la magurudumu liacheni nyumbani. Wenye mfuko mwembamba, basi kutoka Mbagala mpaka Nyamisati kisha boti, na saa ya boti nayo ulizieni mapema, kule pia wanasubiri maji.

Habari za chaneli: sauti ya leo ni ya maikrofoni mpya, mliolalamika upepo kwenye video ya Pemba mniambie kama imetulia. Inayofuata ni Kilwa Kisiwani. Maswali andikeni chini, isipokuwa la nauli ya ndege. Hiyo ulizeni wenyewe siku mnayokata, maana nikiitaja leo, kesho imepanda na mtanitukana mimi. Dogo, rudisha feni yangu, nimeanza kutoka jasho.