Uzoefu wangu na taa za sola zinazojipunguza mwanga usiku

Mwezi wa Agosti mwaka jana, wakazi wa kichochoro chetu huku Mbezi, Dar es Salaam, tulichangishana tukanunua taa nne za barabarani za sola, na nguzo mojawapo imesimama mbele ya geti langu.

Giza likiingia na paneli ikiacha kuzalisha umeme, taa hujiwasha yenyewe kama saa 12 na nusu jioni. Huwaka kwa nguvu zote kwa saa tano, kisha hushuka hadi asilimia 30, na sensa ikihisi mtu anapita, mwanga hupanda tena kwa nusu dakika hivi. Lebo inajigamba kwa wati 200, lakini fundi wetu alipopima alikuta wati 40 tu. Kuwaka hivyo kwa saa 12 kungehitaji wati-saa 480, ilhali betri inahifadhi 384, kwa hiyo taa ingezimika kama saa 10 usiku, kabla watu hawajatoka kwenda swala ya alfajiri au kuwahi daladala. Kwa mpango wa kupunguza zinatumika kama 284, na akiba inayobaki ndiyo iliyotuvusha siku za mawingu ya masika.

Hiyo asilimia 30 niliihofia bure, kwani macho yakishazoea, mashimo ya njia yanaonekana vizuri.

Kilichonikera ni sensa. Nguzo ya kwanza ilifungwa taa kwenye urefu wa mita 6, ikitazama njia inayoijia moja kwa moja, wakati sensa ya aina hii humtambua upesi zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia. Joto la Januari nalo liliizidishia uzito, kwa sababu huhisi tofauti kati ya joto la mwili na la mazingira. Muuzaji alishauri tubonyeze rimoti ili iwake kwa nguvu zote usiku kucha. Tulijaribu usiku mmoja, ikazimika kabla ya adhana. Fundi aliishusha hadi mita 4 na nusu na kuigeuza pembeni, na sasa hupandisha mwanga hatua kama kumi kabla hujaifikia. Bodaboda iendayo kasi bado huipita kabla haijaamka, ila paka hawaikosi, na dirisha langu la chumbani linautazama mwanga huo.